Nimemisi Sana Leo

Gari lilisita katikati ya barabara kuu, pua upande mmoja na mkia upande wa pili, na ndani yake watoto saba wenye sare za shule. Dereva alikuwa amekanyaga mafuta sawasawa. Injini ikapokea, ikaanza kuvuta, kisha ikanyamaza kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Lori lililokuwa likiteremka likapiga honi ndefu. Ndipo gari likakumbuka, likaruka mbele kwa mshtuko, na mabegi yote yakawaangukia watoto miguuni.

"Anti, gari imeogopa," alisema binti mdogo aliyekaa kiti cha mbele.

"Haijaogopa. Ilikuwa inapisha tu," alijibu dereva.

Watoto walimwita Anti Gari, na jina hilo lilitoka kwao likaenda kwa wazazi, likaenda kwa muuza mkaa wa kona, mpaka likalifukuza jina lake la kweli. Kila asubuhi aliwapitia watoto wa mtaa mlango kwa mlango, akawavusha barabara kuu, akapanda nao kilima hadi shuleni, na mchana akawarudisha. Gari lenyewe lilikuwa la mumewe, fundi wa magari aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye karakana ya malori. Siku ya kuondoka alimkabidhi mkewe funguo akamwambia, "Mtu haachi gari lake. Nitarudi." Mwanamke aliyashika maneno hayo kuliko hata yale ya siku ya ndoa.

Wao wenyewe hawakuwa wamejaliwa mtoto. Nyumbani walibaki wawili, yeye na mama mkwe wake, na kile kitanda kikubwa ambacho bado alilala upande wake mmoja tu, kana kwamba mwenzake ametoka kidogo kwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Alipokwisha kuwashusha watoto, alikaa ndani ya gari nje ya geti la shule akatoa simu. Sasa, madereva wana namna yao ya kusema. Tairi likitoboka, dereva husema nimepata pancha, utadhani ni mguu wake uliotoboka. Petroli ikimwishia, husema nimeishiwa. Na injini ikiwa inakosakosa, unakanyaga mafuta inasitasita, mafundi husema gari linamisi, na mwenye usukani husema nimemisi. Anti Gari alikuwa ameishi na fundi, kisha akaishi na usukani, na lugha hiyo ilikwisha kumwingia mwilini. Akamwandikia mumewe: *Nimemisi sana leo.*

Jibu lilikuja kabla hajaligeuza gari. *Na mimi mke wangu. Nimekumisi mpaka basi. Vumilia.*

Alicheka peke yake mle ndani. Halafu kicheko kikakatika. Mumewe hakuwa mtu wa maneno hayo. Akipiga simu, mara moja baada ya siku nyingi, aliuliza bati linalovuja, aliuliza dawa za mama, aliuliza kama mlinzi wa mtaa bado analala kazini, akaaga. Haya maneno mengine yalikuwa yamekaa wapi siku zote? Aliyasoma tena, akayasoma tena, mpaka mlinzi wa shule akamgongea kioo amwambie asogeze gari.

Hakumsahihisha. Nani angemsahihisha?

* * *

Fundi wa karibu aliitwa Badilisha. Jina alilipata kihalali, kwa sababu hapajawahi kutokea ugonjwa wa gari ambao yeye hakuujibu kwa neno hilo. Alilisikiliza gari likiwa limesimama kivulini, akakanyaga mafuta mara mbili tatu, injini ikanguruma vizuri kabisa, naye akasema tubadilishe plagi. Zikabadilishwa. Kesho yake gari likasita tena, safari hii penye kilima. Badilisha akasema basi ni chujio la petroli. Likabadilishwa nalo, na gari likasita kama vile halikuambiwa habari hizo.

Siku ya tatu alimkuta Badilisha anaongea na mteja mwingine, mwanamume mwenye gari jeupe. Alieleza tena: likiwa tupu halina neno, likiwa na watoto linakatika. Badilisha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha jibu akampa yule mwanamume.

"Hawa kina mama wanakanyaga mafuta kama wamekanyaga nyoka. Sasa injini inafanyaje?"

Wakacheka wawili. Anti Gari naye alitabasamu, kwa kuwa alikuwa na haja nao, na alijichukia kwa lile tabasamu njia nzima ya kurudi nyumbani. Badilisha alikuwa amemwambia kilichobaki ni pampu. Pampu ilikuwa na bei ya kumfanya mtu akae chini.

Jioni ya siku hiyo mgeni aligonga mlango. Alikuwa yule mama mwenye duka la dawa, mzazi wa binti wa kiti cha mbele, na uso aliokuja nao ulikuwa wa mtu aliyetumwa na wenzake. Alikataa kukaa. Alisema hawana ubaya naye, wanamshukuru sana, wazazi wamezungumza tu. Watoto wanasimulia habari za lori. Yupo yule bwana mwenye basi dogo, amesema anaweza kuwachukua wote. Basi wamekubaliana wampe nafasi mpaka Jumatatu. Jumatatu gari likiwa bado vile, watoto watapanda basi.

"Nipeni wiki," alisema Anti Gari.

"Ni watoto, mwenzangu. Ungekuwa na wako ungenielewa."

Mwenye duka la dawa aliona alichokisema, akaanza kurekebisha mtandio wake ambao haukuwa na kasoro yoyote. Akasema haya, usiku mwema, ingawa jua lilikuwa bado halijazama vizuri.

* * *

Mume alipiga simu kesho yake, saa ambazo si kawaida yake. Alikuwa amejificha nyuma ya makontena ya karakana, mahali wanapokaa wenzake wanaotaka kuongea na wake zao wasisikike. Hajawahi kupatumia mahali pale. Sauti yake ilikuwa laini mpaka mkewe akatazama namba kuhakikisha ni yeye.

"Ule ujumbe wako nimeusoma sana," alisema. "Sikujua kama na wewe unakaa hivyo."

Anti Gari alikuwa amesimama uani, kwapani amebana beseni la nguo. Kama si Jumatatu, angenyamaza. Angeliacha jambo lile liwe lilivyokuwa, na pengine mumewe angesema mengine zaidi. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na mtu pekee aliyelijua gari lile mpaka kwenye mifupa alikuwa upande wa pili wa simu.

"Ule ujumbe," alisema, "nilikuwa nasema gari."

"Gari?"

"Inamisi. Nikipanda mlima inakatika. Nilikuwa nasema gari, lakini..."

"Kumbe gari." Mume alicheka kidogo, kicheko kikavu, na alipoanza tena alikuwa fundi mtupu. "Inamisi ikiwa ya moto au ikiwa baridi?"

Ile lakini ikabaki hewani, hakuna aliyeichukua.

Alimwambia afungue boneti, awashe gari, ashikilie simu juu ya injini. Alifanya hivyo. Mama mkwe akaingia ndani kukanyaga mafuta, maana mikono ilikuwa haitoshi, akakanyaga kwa furaha ya mtu aliyenyimwa usukani maisha yake yote. Ng'ambo huko mume aliziba sikio la pili akasikiliza kwa makini. Injini ilipanda bila doa, ikashuka bila doa.

"Hiyo injini nzima," alisema. "Plagi mpya, chujio jipya, sauti imenyooka. Sioni kitu."

"Kwenye kilima inakatika. Nusura lori lituue."

Kisha mume akasema lile alilokuwa nalo moyoni tangu mwezi uliopita, tangu walipomwomba kwenye karakana aongeze mkataba naye akashindwa kulisema nyumbani. Alisema basi aiuze tu. Bwana wa basi dogo aliwahi kuiulizia. Watapumzika na mambo ya mafundi.

"Ulisema mtu haachi gari lake," alisema mke.

"Nilisema. Sasa kama imeshindikana?"

Simu ilipokatika Anti Gari alianika nguo zote, akazipanga vizuri kwenye kamba, za mama mkwe huku na zake huku. Alihesabu moyoni kilichobaki cha mumewe ndani ya nyumba: viatu vya kazi, koti la mvua, na hili gari. Viatu na koti mtu huvisahau popote. Gari likitoka, hapatabaki kitu cha kumrudisha, na hilo alilijua kama anavyojua njia ya shule.

* * *

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno makali na moyo laini, na siku hizi maneno yalikuwa yamepungua kwa kukosa wa kuyapokea. Mkwewe alikaa kando yake akachota maharage, akaanza kuchambua pia.

"Kila mtu anaisikiliza ikiwa imesimama, mama," alisema. "Badilisha anaisikiliza imesimama. Mwanao naye, imesimama. Hakuna aliyeisikiliza ikiwa imebeba."

"Kama mimi na daktari," alisema mama mkwe. "Nikifika mbele yake, hapaumi popote. Nikirudi kitandani, mifupa yote inaanza."

Waliendelea kuchambua. Kisha mikono ya Anti Gari ikasimama juu ya ungo, akainuka akaenda kutafuta kitambaa.

Jumamosi, saa ya mapumziko ya mumewe, walijaza maji kwenye madumu yote ya nyumba na mawili ya jirani, wakayapakia viti vya nyuma. Anti Gari alitazama jinsi gari lilivyokaa, akasema bado, watoto saba ni wazito kuliko hivi.

"Na mimi je?" alisema mama mkwe. "Au leo ndiyo nimeacha kuwa mzigo wenu?"

Akaingia akaketi katikati ya madumu. Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea na kujipaka manukato, kwa sababu, alivyosema, alikuwa anakwenda kumwona mwanawe. Anti Gari alipiga simu, akamwambia mume asikate hata akisikia nini. Akaifunga simu ndani ya kitambaa, sehemu ya kuongelea ikiwa wazi, akaikaza pembeni ya betri, mbali na feni. Akafunga boneti.

Ng'ambo, mume alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane, taulo kichwani, simu sikioni. Wenzake walidhani anaumwa. Alisikia gari lake likitoka. Akasikia changarawe za njia yao, kisha lami. Akasikia tuta la kwanza, lile la dukani, na watoto wa mtaani wakipiga kelele, na mbwa yule yule akilikimbiza gari pale pale anapoanzia siku zote. Gia ya pili. Alijua sasa wamefika kwenye ukuta wa shule ya ushonaji. Tuta la pili. Alijua sasa wanasubiri barabara kuu, alisikia magari yakipita, akajikuta naye anatazama kulia na kushoto ndani ya taulo. Machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Hakuwa amelia tangu afike huko, na sasa alilia kwa ajili ya matuta.

Gari likavuka, likaanza kilima, mkewe akakanyaga mafuta. Hapo akasikia. Ilikuwa sauti nyembamba kama ya mtu anayevuta mate kwa meno, halafu injini ikakatika, halafu sauti ikapotea na injini ikashika tena. Alifuta uso. Akasubiri mkewe akanyage tena. Sauti ikaja tena.

Ndani ya gari hawakusikia chochote isipokuwa madumu yakigongana. Mama mkwe alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Sasa yeye anatusikia?" aliuliza.

"Anasikia injini tu, mama."

"Basi ana raha huyo." Akatazama nje. "Mwanangu, huyu akisema uiuze, utaiuza?"

"Sitaiuza."

"Haya," alisema mama mkwe, na baada ya muda akaongeza, "Mimi nikiisikia inaingia getini, huwa nadhani ni yeye. Mpaka leo. Najua ni wewe, lakini nadhani ni yeye."

Anti Gari alikuwa akidhani ni yeye mwenyewe tu mwenye ujinga wa namna hiyo, wa kuweka sahani ya tatu mezani na kuirudisha kabatini kabla hajaonwa.

Juu ya kilima alisimamisha gari, akafungua boneti, akafungua kitambaa. Sauti ya mumewe ilikuwa inaita tangu zamani.

"Mpira wa hewa!" alikuwa anasema. "Ule mpana, unaotoka kwenye chujio la hewa kuingia kwenye injini. Ukunje uangalie kwa chini."

"Sisi hatujambo," alisema mama mkwe akiisogelea simu.

"Shikamoo mama. Ukunje kwa chini."

Anti Gari aliukunja. Juu ulikuwa mzima, mweusi, safi. Kwa chini, alipouvuta, ukafunguka mdomo wa urefu wa kidole. Alipouachia, mdomo ukajifunga kimya. Mumewe alimweleza: mpira mmoja unaoshikilia injini ulikuwa umekufa, kwa hiyo gari likivuta mzigo injini inalala nyuma, inaunyoosha mpira wa hewa, ufa unafunguka, injini inavuta hewa ya wizi. Likisimama, kila kitu kinarudi mahali pake. Ndiyo maana kila aliyekuja kulitazama alikuta halina kosa.

Palepale, kwa maelekezo ya simu, walikata ukanda wa tyubu ya zamani ya tairi iliyokuwa kwenye buti, wakauzungusha kwenye ufa, wakaubana kwa klipu mbili. Mama mkwe alishika simu karibu na mikono ya mkwewe. Kaza hiyo ya kulia, alisema mume. Sasa ya kushoto. Taratibu, ukizidisha unakata. Katika ile nusu saa walikuwa watatu kweli, wameinamia injini moja, na hata mume alisahau yuko wapi mpaka mwenzake wa kitanda cha chini alipomwambia muda umekwisha.

Waliteremka kilima, wakageuza, wakakipanda upya. Gari lilipanda lote, na maji yote, na mama mkwe, bila kusita.

* * *

Jumatatu watoto saba walipanda gari. Mwenye duka la dawa alikuja naye akapanda, akiwa amejibana kwenye kiti cha mbele na binti yake mapajani. Walipofika juu ya kilima alisema gari liko vizuri, akamwachia Anti Gari chupa ya dawa ya kikohozi ya mama mkwe, bila kutaja bei. Hakuomba radhi kwa mdomo.

Juma hilo mume alipiga simu kila siku. Kiraka kinashika? Umeinunua ile raba ya kushikilia injini? Badilisha ndiye aliyeifunga, akasema si niliwaambia tubadilishe. Mume alicheka sana aliposimuliwa. Mpira wa hewa mpya ulipatikana kwa wauza vipuri vilivyotumika, mume akataka aelezwe rangi yake, unene wake, umekaa vipi. Jioni hizo wanawake walikaa na simu katikati yao kama watu wanaoota moto.

Kisha gari likapona kabisa, na simu ikanyamaza. Kwanza ikawa siku moja, haikuwa ajabu. Halafu ikawa wiki, na wiki nyingine. Ulikuja ujumbe mmoja wenye maneno ya mkataba: ameongeza, ni kwa faida yao, na kwa vile gari sasa ni zima hana wasiwasi. Anti Gari aliusoma nje ya geti la shule. Alipofika nyumbani alimsomea mama mkwe, naye akasema haya, akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Mama mkwe ndiye aliyelisema, jioni, akiwa amempa mgongo kana kwamba anaongea na ukuta.

"Gari haimisi tena?"

"Haimisi, mama."

"Hata kidogo? Si ungemwambia inamisi."

Anti Gari alitoka akaenda kukaa ndani ya gari uani, mahali ambapo siku hizi aliweza kukaa bila kuulizwa. Hakutaka kusema uongo kuhusu gari. Lilikuwa limemtendea haki. Aliitafuta ile meseji ya zamani, na jibu lake chini yake, akalisoma. Maneno mengine aliyajaribu akayafuta, yalikuwa marefu, yalikuwa na lawama. Mwisho aliandika yaleyale yaliyofaa mara ya kwanza, na safari hii hakuwa anasema gari. *Nimemisi sana leo.*

Mume aliupata akiwa chini ya lori. Alitoka chini ya lori akaenda nyuma ya makontena, akausoma, akaanza kuandika: na mimi. Hapo akakumbuka. Akakumbuka ile *nilikuwa nasema gari*, na alivyojiona mjinga siku ile, mtu mzima amejificha nyuma ya makontena kuongea maneno ya vijana na mke aliyekuwa na shida ya injini. Mara hii hakutaka kujidanganya. Akafuta. Akafikiri kwa makini, kama fundi mwema, ni kitu gani kinaweza kuwa kimelegea, akaandika upya.

Simu ililia mapajani mwa mkewe. Aliisoma, akakaa nayo mpaka kioo chake kikazima. Mlango wa nyumba ulifunguka, na mama mkwe akasimama kizingitini amejitanda khanga.

"Amejibu?"

"Amejibu."

"Anasemaje?"

"Anasema nikaze."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, polepole, na uso ukamlainika, kwa sababu alidhani mwanawe anasema moyo.

"Basi kaza, mwanangu," alisema. "Si unaona anatukumbuka."

Anti Gari alisema ndiyo. Akashuka, akafungua boneti, akapapasa ndani mpaka akaipata klipu ya mpira wa hewa. Ilikuwa imekaza. Akaijaribu tena, taratibu, asije akakata.